Mbwa Analialia Kutwa Kucha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Mombasa

Maswali haya hutoka Nyali, Tudor, Mikindani, Bamburi, Likoni na Changamwe, na mengi yanafanana. Mwenye mbwa hajalala vizuri kwa muda, jirani ameshalalamika, na kuna mtu ameshamshauri amchape mbwa mpaka anyamaze. Majibu nimeyapanga kwa mfuatano ninaoufuata mwenyewe nikiitwa kumwangalia mbwa: kwanza mwili wake, kisha mahali anapokaa, mwisho mazoea yake. Ukianza na mazoea, unaweza kumfundisha mbwa mgonjwa kunyamaza na maumivu yake.

Mbwa wangu analialia mchana na usiku. Nianzie wapi?

Anza kwa kusikiliza. Chukua daftari, na kwa siku kadhaa uandike mambo matatu kila anapoanza: ni saa ngapi, nini kilitokea kabla, na nyinyi nyumbani mlifanya nini baada ya hapo. Watu wengi huniambia "analia tu, hana sababu," lakini daftari likijaa kurasa mbili sababu inaanza kujionyesha. Utakuta analia saa nane mchana jua linapofika upande wa banda lake, au dakika chache baada ya geti kufungwa asubuhi, au kila anapojaribu kuinuka.

Sikiliza na sauti yenyewe. Mlio mwembamba wa vipande vipande, huku anakutazama usoni na kutikisa mkia, mara nyingi ni wa kuomba kitu. Mlio mrefu unaopanda na kushuka akiwa peke yake ni wa upweke au hofu. Ule wa chini chini anapolala, anapogeuka au anapopanda ngazi, uchukulie kuwa ni wa maumivu mpaka daktari athibitishe vingine.

Nitajuaje kama ni ugonjwa?

Mkague kwa mikono, asubuhi kabla ya jua kuwa kali, akiwa ametulia. Mtu anayemzoea amshike kichwa.

Anza na masikio. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, na mbwa mwenye masikio yaliyolala, au anayeogelea baharini, hupata maambukizi ya sikio kwa urahisi. Inua sikio, unuse. Sikio lenye afya halina harufu kali. Ukikuta harufu ya kuchacha, uchafu wa rangi ya kahawia, wekundu, au akikwepa na kulia unapogusa chini ya sikio, hapo umepata sababu. Usimtie mafuta ya nazi wala spiriti. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, unachomwaga kinapenya ndani na kumdhuru zaidi.

Nenda kwenye vidole vya miguu. Tenganisha kimoja kimoja uangalie katikati, maana kupe hujificha hapo, pamoja na ndani ya masikio na chini ya mkia. Kupe wa mbwa wa Pwani hawana msimu wa kupumzika. Huishi hata kwenye nyufa za ukuta na banda, ndiyo sababu ukimwosha mbwa ukaliacha banda, wiki inayofuata wako palepale. Kupe hao hueneza magonjwa ya damu. Mbwa hupata homa, hukataa chakula, ufizi hupauka, mkojo unaweza kuwa na rangi ya chai ya rangi, na wengine hutoka damu puani. Mbwa wa namna hiyo hulia kwa sababu mwili mzima unamuuma. Inua mdomo wa juu uangalie ufizi: wa mbwa mzima ni wa waridi (isipokuwa ana madoa meusi ya kuzaliwa nayo). Ukiwa mweupe, mpeleke leo. Ukiwa na kipimajoto, joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi, kwa hiyo usishtuke akiwa na joto kuliko wewe.

Angalizo kuhusu dawa ya kupe: usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukampimia mbwa kwa kukisia. Ikizidi kipimo humlegeza, na inaweza kumuua. Muulize daktari kipimo kinacholingana na uzito wa mbwa wako, na banda lipigwe dawa siku hiyohiyo.

Yanayobaki ni meno, kucha zilizokua mpaka zikajikunja, vidonda vya funza, na mgongo na nyonga kwa mbwa wakubwa. Pitisha kiganja taratibu kutoka shingoni hadi mkiani. Mahali atakapokaza misuli au kugeuza kichwa ghafla, pakumbuke umwonyeshe daktari.

Anaonekana ana maumivu. Naweza kumpa Panadol?

Hapana. Wala ibuprofen, wala diclofenac, wala kidonge kingine cha binadamu kilichobaki kabatini. Paracetamol, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Panadol, huharibu ini la mbwa na damu yake. Zile nyingine mbili hutoboa tumbo na kuua figo, na kipimo kidogo kwa mtu ni kikubwa kwa mbwa. Dawa za maumivu za mbwa zipo, na daktari wa mifugo ndiye anayeziandika. Hakikisha aliyekuja amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini. Ana cheti, na si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe.

Ni lini nisingoje asubuhi?

Tumbo likivimba na kukaza huku anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Hii huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, na saa chache tu zinaweza kumuua. Akihema bila kupumzika, mate yakawa mazito na miguu ikamlegea siku ya joto. Akichuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki. Akitetemeka, akitokwa na mate, baada ya kuokota nyama usiyoijua au sumu ya panya. Mtoto wa mbwa akiharisha damu. Katika hali hizo piga simu njiani, usipige ukingoja majibu nyumbani.

Sauti yake imebadilika ghafla, imekuwa ya kukwaruza, na hataki tena kuguswa. Je, ni kichaa cha mbwa?

Inawezekana, na hapa hatubahatishi. Dalili za kichaa cha mbwa ni pamoja na kubadilika kwa tabia, mlio usio wa kawaida, mate yasiyomezeka, taya kulegea, kuuma vitu hovyo, na miguu ya nyuma kukosa nguvu. Si kila mbwa huwa mkali. Wengine hunywea tu na kujificha. Usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa, kwani unaweza kuambukizwa kwa kufanya hivyo. Mfungie mahali peke yake bila kumgusa, watoto wasimkaribie, na uite afisa wa mifugo.

Akiwa ameshamuuma au kumkwaruza mtu, au mate yake yameingia kwenye kidonda, osheni hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na muende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Msipake pilipili, mafuta wala kitu kingine, na msingoje kuona mbwa atafanyaje. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa wako achanjwe afikapo miezi mitatu, arudiwe kila mwaka, na kadi yake iwekwe pamoja na karatasi nyingine muhimu za nyumba. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na lengo hilo linategemea kadi hizo.

Analia zaidi mchana, hasa miezi ya kaskazi. Banda analo na maji anayo. Anataka nini?

Fanya jaribio hili. Saa nane mchana, mwezi wa pili au wa tatu, nenda kwenye banda lake. Weka kiganja juu ya bati, kisha chini ya bati kwa ndani, kisha sakafuni. Halafu ingiza kichwa ndani, upumue. Mabanda mengi niliyoyaona mjini hapa yamejengwa kwa mabati, yamesukumwa kwenye kona ya ukuta ambako upepo haufiki, na mlango umeelekezwa magharibi. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Hupoza mwili kwa kuhema, na hewa anayohema ikiwa nzito kwa unyevu, kuhema hakumsaidii sana. Anayelia ndani ya banda hilo anaomba kutolewa.

Suluhisho halina gharama kubwa. Lihamishie banda chini ya mwembe au mwarobaini. Ezeka makuti juu ya bati, uache nafasi ya shubiri moja katikati hewa ipite. Inua sakafu kwa matofali. Ukuta mmoja uwe wa fito au wavu badala ya mbao kamili, uelekee upande upepo wa bahari unakotoka. Kama nyumba ina kibaraza cha vigae, mruhusu alale pale mchana.

Na maji yaonje wewe mwenyewe. Visima vingi vya kisiwani na kando ya bahari vina maji ya chumvi. Nyumbani watu wananunua madumu ya maji matamu ya kunywa na kupikia, mbwa anawekewa ya kisima, anayalamba mara mbili anaondoka, halafu analia. Mpe maji unayokunywa wewe. Bakuli liwe zito lisipinduke, likae kivulini, libadilishwe asubuhi, mchana na jioni.

Akizidiwa na joto kweli kweli, mmwagie maji ya kawaida ya bomba mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, mpepee au mweke mbele ya panka, na umpeleke kwa daktari akiwa bado amelowa. Barafu haihitajiki.

Kila nikimwekea chakula uani anakaa pembeni ya bakuli analia, hali. Ameharibika tumbo?

Kabla ya kuwaza tumbo, rudi ndani uchungulie dirishani. Kunguru wa Mombasa wanaijua ratiba ya chakula cha mbwa kuliko wenye mbwa. Mmoja anamvuta mkia kwa nyuma, mbwa akigeuka wawili wanatua kwenye bakuli, na wengine wamejipanga ukutani. Mbwa mpole, au aliyewahi kudonolewa karibu na jicho, hukata tamaa akabaki analia mbele ya chakula chake. Mlishe ndani au kwenye kibaraza kilichofunikwa, simama karibu mpaka amalize, kisha ondoa bakuli. Wakati wa kula ukiwa mmoja asubuhi na mmoja jioni, na kisibaki kitu uani, kunguru hupunguza kuja.

Nikienda kazini analia mpaka nirudi. Majirani wananionyesha rekodi kwenye simu. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na linahitaji subira. Mtu anayeishi Likoni na kufanya kazi mjini huondoka alfajiri kuiwahi feri, akarudi usiku. Mbwa amekaa peke yake saa kumi na mbili au zaidi. Mbwa ni mnyama wa kuishi na wenzake. Hofu ya kuachwa ni ya kweli, na utaitambua kwa sababu huanza mara unapoondoka, huandamana na kutafuna mlango au geti, kukojoa ndani hata kama amefunzwa, na kukataa chakula mpaka urudi.

Angalia kwanza kama saa zenyewe zinawezekana. Hakuna mafunzo yatakayomfanya mbwa akae saa kumi na mbili bila mtu, bila kazi na bila matembezi. Zungumza na bawabu, kijana wa jirani au dada wa kazi apite mchana, amtoe, akae naye kidogo. Asubuhi mtembeze kabla ya saa moja, hata nusu saa, kabla lami haijashika moto. Ukitaka kujua kama lami inamfaa, weka mgongo wa mkono wako juu yake. Usipoweza kuvumilia kwa hesabu ya pole pole hadi saba, nayo nyayo zake haziwezi. Ukienda ufukweni, beba maji matamu, maana akinywa ya bahari atatapika na kuharisha. Mbwa aliyetembea na kunusanusa hulala ukiondoka.

Halafu unamfundisha kuachwa, kidogo kidogo. Mbwa huanza kuogopa kabla hujatoka. Huogopa dalili za kutoka. Anasikia funguo, anaona viatu, anaona mkoba. Kwa hiyo shika funguo ukae kwenye kochi. Vaa viatu uende jikoni. Rudia mara nyingi kwa siku mpaka funguo zisimwambie chochote. Kisha toka, funga mlango, hesabu hadi tano, rudi kabla hajaanza kulia, na usimshangilie. Akitulia, ongeza. Nusu dakika, dakika moja, tatu, kisha rudi kwenye moja, kisha tano. Akilia umeongeza haraka mno, rudi nyuma. Zoezi hili huchukua wiki nyingi, na kwa mbwa aliyewahi kutupwa barabarani huchukua miezi. Katika kipindi hicho jitahidi asiachwe muda mrefu kuliko alipofikia, ama sivyo kila siku moja ya kazi inabomoa mlichojenga.

Mwachie kazi ya kufanya. Tawanya chakula chake cha asubuhi kwenye nyasi akitafute kwa pua, au kikunje ndani ya boksi la katoni alichane. Supu ya mifupa isiyo na chumvi wala kitunguu, ikigandishwa kwenye bakuli la plastiki, humshughulisha muda mrefu na kumpoza. Mifupa iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vikali.

Ukirudi ukakuta ameharibu, usimgombeze. Hataunganisha ugomvi wa saa mbili usiku na mlango alioutafuna saa tatu asubuhi. Atajifunza tu kwamba kurudi kwako nako kunatisha.

Tumeleta mtoto wa mbwa jana. Hakulala, na sisi hatukulala.

Ametoka kwa mama na ndugu zake, yuko gizani mahali asipopajua. Mlaze chumbani mwenu au karibu na mlango wenu kwa siku za mwanzo, ndani ya boksi au kikapu chenye kitambaa kilichokaa na mama yake, kama mlikipata. Akilia, mpelekee mkono ausikie, bila mchezo wala taa. Kibofu chake ni kidogo. Kwa makadirio anaweza kujizuia saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, basi wa miezi miwili atahitaji kutolewa usiku zaidi ya mara moja. Mtoe, akojoe, mrudishe kimya. Hafai kutengwa na mama kabla ya wiki nane. Kama mlimpata akiwa na wiki tano, tarajieni kilio kirefu zaidi na mpeni joto la mtu zaidi. Minyoo pia huwauma watoto wa mbwa matumbo. Dawa hutolewa kila wiki mbili mpaka miezi mitatu.

Daktari amesema ni mzima, anapata matembezi, hakai peke yake. Bado analia mpaka nimpe ninachokula.

Huyo amefundishwa, na mwalimu ni meza yenu. Analia mnapokula mahamri, mtu anasema "mpe kidogo anyamaze," ananyamaza. Somo limeingia.

Kuliondoa kunataka nyumba nzima ikubaliane, bibi, watoto na wageni. Anapolia hatazamwi, hasemeshwi, hapewi. Anaponyamaza, hata kwa sekunde tatu, mwanzoni, mpe sifa na kitu kidogo kutoka bakuli lake, si kutoka mezani. Muda wa ukimya unaongezwa taratibu. Mfundishe pia kwenda kwenye mkeka wake mnapokula. Mbwa akipewa la kufanya hufaulu haraka kuliko akikatazwa tu.

Jambo la kulijua mapema ni kwamba siku chache za mwanzo atalia zaidi kuliko alivyowahi kulia. Anajaribu kwa nguvu njia iliyokuwa ikifanya kazi. Ukikubali siku ya tatu kwa kuchoka, umemfundisha kwamba kilio cha nguvu ndicho kinacholipa, na mbwa anayelipwa mara moja moja hung'ang'ania kuliko yule anayelipwa kila mara. Ikiwa mnajua bibi hataweza kuvumilia, ni heri mbwa awe chumba kingine wakati wa chakula.

Kila muadhini anapoadhini, mbwa wangu anainua kichwa na kulia. Inanitia aibu mtaani. Anaumia?

Kwa kawaida haumii. Sauti ndefu yenye kuvutwa hufanana na mwito ambao mbwa huitana nao wakiwa mbali, na wengi huuitikia bila kukusudia, kama wanavyoitikia king'ora cha ambulensi. Angalia mwili wake. Akilia kichwa juu, kisha akalala adhana ikiisha, hana tatizo. Akijificha, akitetemeka, anaogopa sauti kubwa, na labda kipaza sauti kiko karibu mno na banda lake.

Aibu yako naielewa, na inafaa kushughulikiwa kwa heshima ya jirani. Dakika chache kabla ya wakati mwingize ndani, funga dirisha la upande huo, washa panka, mpe chakula chake au kitu cha kutafuna. Ukifanya hivyo alfajiri na magharibi kila siku, adhana itakuwa kwake dalili ya kwenda ndani kula, na wengi huenda wenyewe mlangoni. Nyakati zinajulikana, kwa hiyo ni zoezi rahisi kulipanga.

Wazee wanasema mbwa akilia usiku kuna msiba, au ameona asichokiona mtu. Nimfukuze?

Usimfukuze. Wanaosema hivyo wamerithi maneno hayo kwa wazee wao, na sibishani na mzee mbele ya wajukuu zake. Ninachojua ni kwamba mbwa husikia sauti nyembamba tusizozisikia na kunusa yaliyo mbali: komba juu ya mwembe, paka ukutani, jike aliye kwenye joto (anayetaka dume) mtaa wa pili, mbwa koko wanaopita kuelekea jaani. Toka na tochi, umkague mbwa na uzunguke ua. Pia mbwa mgonjwa hulia zaidi usiku, nyumba inapotulia. Nimewahi kumwona mmoja aliyesemwa kwa wiki nzima kuwa ameona jini, na sikioni mwake mlikuwa na kupe wengi.

Dume langu linalia getini siku nzima na halili.

Kuna jike kwenye joto jirani. Jike huingia kwenye joto karibu kila miezi sita, kwa takriban wiki tatu, na dume huinusa harufu hiyo kutoka mbali. Kumhasi hupunguza hali hii sana. Jike naye anaweza kulialia akiwa kwenye joto, na tena mwezi mmoja au miwili baadaye akajihisi ana mimba ambayo hana: anabeba kiatu cha mtoto, anachimba kitanda, maziwa yanamjaa. Usimkamue. Kama hamtaki kuzalisha, ongea na daktari kuhusu kumtoa kizazi, na mfanye hivyo akiwa nje ya joto.

Mbwa wetu ni mzee, ameanza kulia usiku akizungukazunguka.

Huenda macho na masikio yamepungua, viungo vinamuuma, au akili yake inachoka kwa uzee. Mbwa wa namna hiyo hulala mchana kutwa, na usiku husimama kwenye kona akasahau njia ya kutoka. Mwachie taa ndogo, msihamishe fanicha, mtandikie kitu laini, mtoeni kukojoa kabla ya kulala. Daktari ana dawa za viungo zinazomfaa. Huyu amelinda nyumba yenu miaka yote hiyo, anastahili kulala karibu na watu.

Fataki za Diwali na mwaka mpya zinamtia wazimu.

Mwingize chumba cha ndani kabla ya magharibi, funga mapazia, weka redio na panka. Kaa naye. Kumfariji hakumzoeshi uoga. Hakikisha geti limefungwa, maana mbwa wengi hupotea usiku huo.

Nikimchapa au kumfunga mdomo kwa kamba si atanyamaza?

Atanyamaza kwa muda, na utakuwa umeinyamazisha dalili huku ugonjwa au hofu ikibaki. Mbwa aliyefungwa mdomo hawezi kuhema, na kwa joto la Mombasa hilo linaweza kumuua mchana mmoja. Kola za umeme huongeza hofu kwa mbwa ambaye tayari analia kwa hofu. Na ipo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inayokataza kumpiga mnyama kikatili na kumnyima maji au chakula.

Jirani analalamika, na anasema mbwa akimgusa anamharibia udhu na nguo za kuswalia.

Nenda ukamwone kabla hajaja tena. Bisha hodi, msalimie, mwombe radhi kwa usingizi uliompotea, umweleze unachofanya na utakachobadilisha. Jirani anayejua kwamba jambo linashughulikiwa huvumilia zaidi ya anayedhani amepuuzwa. Mpe namba yako ya simu.

Kuhusu najisi, Waislamu wengi wa Pwani wanafuata madhehebu ya Shafii, ambamo mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Kavu kwa kavu hakuhamishi najisi, lakini jirani hapaswi kulazimika kuchunguza kama mbwa wako amelowa. Mfunge kamba unapopita naye uchochoroni, mshikilie upande wa mbali na watu, usipite mlangoni mwa msikiti wakati wa swala, na zuia asirukie nguo zilizoanikwa. Zipo nyumba za Waislamu zinazofuga mbwa wa ulinzi nje, na kisa cha mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa watoto hukisikia madrasani. Mazungumzo yanawezekana kabisa.

Kama unaishi kwenye fleti, soma mkataba wa nyumba. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinampa mtu njia ya kulalamika rasmi, na mwenye nyumba akishapata malalamiko ya maandishi, nafasi yako ya kujitetea inakuwa daftari lako na risiti za daktari.

Nimejaribu yote na siwezi kuendelea naye. Nimpeleke wapi?

Usimwachie barabarani wala ufukweni. Mtafutie mtu mwenye ua na mwenye muda, na umwambie ukweli wote: analilia nini, lini, na nini humtuliza. Akificha mtu habari hiyo, mbwa hurudishwa au hutupwa ndani ya mwezi. Mpe kadi ya chanjo, kitambaa anacholalia, na chakula cha wiki moja anachokijua. Mwache aje kumtembeza mara kadhaa kabla ya kumchukua, ili siku ya kuhama awe anamfuata mtu anayemfahamu.